Herufi ya Kwanza

Wete, mtaa wa Jadida. Duka langu chumba kimoja
na feni inayozungusha joto lile lile.
Zuwena binti Shaame aliingia, mikono inanuka makonyo,
akafungua pindo la kanga kama atoaye nauli:
flashi ya marehemu babake.
"Mna faili humu. Lilikuwamo. Kaka anasema halimo."

Nikamwambia: wewe Mpemba, utanielewa upesi.
Ardhi ya mtu mmoja,
mikarafuu iliyosimama juu yake ya mwengine,
na karafuu zenyewe, hazijachumwa, kesha kodishwa wa tatu.
Wote wanasema "changu", wala hakuna mwongo.

Basi chombo hiki ndicho ardhi.
Hakijui barua, hakijui jina. Kinajua vijumba tu,
maelfu kwa maelfu, vyenye namba mlangoni.
Juu yake pana mipaka: mwisho wako hapa.
Juu ya mipaka pana mfumo wa mafaili, huyo sheha,
mwenye orodha: fulani kaanzia kijumba hiki, kaendelea kile.
Na juu kabisa ni wewe, unayebonyeza kijibahasha
ukadhani umeigusa barua.

Masheha hawalingani.
Yupo anayeandika nia kabla ya tendo;
umeme ukikatika, na hapa hukatika,
akiamka huisoma nia yake, akajua alikuwa akenda wapi.
Yupo asiyegusa neno la jana hata kwa dawa:
jipya huliandika pembeni, kisha akahamisha kidole.
Na yupo huyu wa babako, mkongwe,
anayejuana na kila kamera, kila redio ya gari.
Nia haandiki. Mwenye mali hamuulizi.
Ukimwambia futa,
hafuti.

Hafuti, Bi Zuwena. Mvivu.
Hulitafuta jina lako orodhani, hung'oa herufi ya kwanza,
pahala pake akatia alama: nyumba hii haina mtu.
Na wewe umo ndani, taa umewasha, umekaa kitako,
mpaka aje mpangaji mwengine na godoro lake.

Toka adhuhuri hadi alasiri.
Orodha ikashuka kiooni: picha za skuli, risiti za mbolea,
arusi ya mtu nisiyemjua,
kisha mstari mmoja usio kichwa:

        _IBA

Akausoma kwa sauti. Akaurudia. Hakucheka.
Nami niliyezoea majina yaliyokatwa
nikasikia baridi shingoni.
Nikaandika H palipokuwa H.

HIBA. Mimi Shaame Faki wa Kangagani, mwenye akili timamu,
nimempa binti yangu Zuwena, naye kapokea,
mikarafuu ya kusini mwa kisima,
idadi yake kumi na

Kijumba cha pili kilikwisha pata mpangaji:
mpira, dakika ya themanini na kitu,
mtu anashangilia bila sauti, nusu ya uso rangi ya majani.
Hilo kaka hakulikusudia. Alinakili mechi tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, tumelelewa nalo.
Na daftari likibaki nusu?
Kumi na mbili? Kumi na tisa? Kadhi atauliza,
na mimi fundi sina la kumjibu.

Zuwena akajifunga kanga upya.
"Baba alikuwa akiitia chapa kwa panga,
usawa wa kiuno changu nilipokuwa darasa la tatu.
Mti hurefuka, kovu halipandi.
Kaka kafuta huku juu. Kule chini sijui kama alifika."

Hawajanambia walihesabu mingapi.
Karatasi nilimchapia, flashi hakuichukua.
Imo katika mtoto wa meza, nimeizungusha plasta,
na juu ya plasta nimeandika, kwa wino usiotoka,
neno ninalowaambia wote wanaokuja mbio hapa wakilia:
usiandike kitu juu yake.